Konokono wa Jiwe wa Ihanda

Mjukuu wangu Tusekile,

Kahawa imechumwa mara mbili hujaonekana, umetuchoka? Sisi wazima. Shangazi yako anaandika ninavyosema.

Unauliza, ukiweka picha ya samaki wako wa jiwe mtandaoni, watu wakikucheka je? Wacha wacheke. Nilipoolewa tu, nikichimba udongo wa kukandika nyumba, nilipata konokono wa jiwe. Wenzangu wakanicheka: "Kampikie mumeo, avunjike meno." Mama mmoja mfinyanzi peke yake aliuliza, "Umemtoa wapi hasa?" Tukachimba naye, tukapata wengine. Mpaka leo namheshimu, alinifundisha kutazama ninachochimba.

Samaki wako nimemwona simuni, una macho wewe. Mwonyeshe, umsubiri atakayeuliza hivyo. Ukija, vaa viatu vya shamba, nikupeleke kwenye lile shimo kabla miguu yangu haijakataa.