Kikohozi Nilichokiita Uvivu

Mpendwa mwanafunzi wangu Subilaga,

Ulikuwa darasa la nne, mwembamba, sweta lako la mtumba likikufika magotini. Asubuhi za Tukuyu unazijua: ukungu hulala barabarani mpaka saa mbili. Nilipokuwa mwalimu wa zamu, watoto wote walikimbia mchakamchaka. Wenzako waliimba. Wewe ulikohoa.

Mama yako alikuja shuleni akitoka kuchuma chai. Alinionyesha chupa ya dawa ya kikohozi, ya tatu hiyo, kutoka duka jipya la dawa lililofunguliwa Bulyaga.

"Mwalimu, mwanangu hana homa, mchana anacheza vizuri tu. Lakini baridi ikija, au akikimbia, au akikaa jikoni penye moshi, kikohozi hakimwachi. Wiki ya ngapi sasa! Na kifua kinalia kama kipaka."

Nikamjibu, "Mama Subilaga, kikohozi kinachongoja mchakamchaka ni uvivu."

Akaifunga chupa kwenye kanga akaondoka, maana mwalimu ndiye aliyesoma.

Kesho yake asubuhi, kwenye mchakamchaka, ulikaa chini katikati ya kilima. Nikasema, "Simama, Subilaga." Ukasimama. Ukakimbia mpaka mwisho. Darasani nikakuambia usome kwa sauti. Ulisoma maneno mawili, ukavuta pumzi, ukasoma mawili mengine, mabega yamepanda mpaka masikioni. Wenzako wakacheka. Nami nilicheka.

Saa nne mama yako aliitwa, akakubeba mgongoni kwenda hospitali ya misheni. Hamkufika.

Miaka ikapita, binti yangu mwenyewe akaanza kukohoa. Daktari akaniuliza: kinapoa kisha kinarudi? Kinazidi alfajiri, kwenye baridi, akikimbia? Kifua kinatoa mluzi? Kila swali lilikuwa linakutaja wewe. Nilijibu ndiyo, ndiyo, na sijui nilikuwa namjibia mtoto yupi.

"Inaelekea ni pumu," akasema. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na kifua kikafunguka mbele ya macho yangu. Yu hai. Lakini akicheka, mimi nakusikia wewe ukisoma maneno mawili mawili.

Tangu hapo, mtoto akikohoa mstarini namtoa, namwita mzazi, nasema, "Mpeleke apimwe kifua. Usikae ukibadilisha chupa." Mama yako tu ndiye ambaye sikumwambia kitu. Kila Jumapili baada ya ibada alinipa mkono, nami nikatazama viatu vyangu.

Juzi nilikwenda kwake. Nikamweleza yote, kilima, kile kicheko. Alikuwa akimenya ndizi, hakuacha kumenya.

"Nilijua," akasema. "Wenzake waliniambia siku ile ile ya msiba."

"Mbona hukusema, mama?"

"Wadogo zake walikuwa darasani kwako."

Nimerudi na neno hilo, Subilaga, na sijui nilitue wapi. Sikuombi msamaha. Nilitaka tu usikie kwa kinywa changu kwamba ulikuwa mgonjwa, na kwamba ulikimbia kwa sababu nilikuamuru.

Ni mimi, mwalimu wako wa darasa la nne.