Joeli Alivyopona Tunduma

Dada Neema, shikamoo. Huku Tunduma ni vumbi la malori na miujiza. Kaka yetu Joeli amekaa wodi ya wagonjwa wa akili miezi minne, tiba yake ikiwa kufagia. Jana nikiwepo akamwambia daktari kwa upole, "Sheria inasema nina haki ya kutibiwa. Mtaanza lini?" Daktari akaandika kwenye faili, "Amepona," akamruhusu palepale bila hata kidonge.

Sasa anakula wali wa mchele wa Kamsamba kwa mama ntilie, huku akizijibu sauti anazozisikia yeye peke yake. "Niliomba dawa," ananiambia, "wamenipa geti." Kesho nampeleka Mbeya kutafuta daktari mwingine.

Msalimie sana mama. Mwambie Joeli ameruhusiwa. Lile neno la kupona usilitaje.

Mdogo wako akupendaye,
Tumaini