Suruali Iliyomsemea Mdogo Wetu

Nyumbani, nyuma ya duka la kushonea
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Baridi ya huko imeuachia mgongo wako? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila moyo wangu haujatulia tangu Alhamisi.

Huu mwezi wa saba tangu mdogo wetu atolewe mfupa wa paja la kushoto wenye saratani na kuwekewa wa chuma, kutoka nyonga hadi goti. Saratani haijarudi, Mungu ashukuriwe. Lakini anajikwaa, na pedali ya cherehani inamshinda. Mimi na mdomo wangu nikamwita mvivu, nikamwambia mazoezi anayategea. Naona aibu kukuandikia.

Hakunijibu, na unajua kimya kingi kina mshindo mkuu. Alijishonea suruali, akaipiga pasi, akaivaa Alhamisi tulipokwenda kliniki. Akasimama mbele ya daktari: "Hebu tazama mstari wa pasi. Kulia umepita katikati ya goti. Kushoto goti limeukimbia, limeingia ndani. Kitambaa hakina kosa, nimekikata mwenyewe."

Nilidhani tutafukuzwa. Daktari alichuchumaa, akatazama. Akampa faili lake alibebe hadi chumba cha picha.

Kaka, picha mpya zikaonyesha yote. Chuma kiliwekwa kimegeukia ndani tangu siku ya kwanza. Picha za awali zilipigwa kwa mbele tu, kikaonekana kimenyooka. Mazoezi yasingekigeuza hata angefanya mwaka mzima.

Daktari anataka kumpasua tena akirekebishe, la sivyo goti litalika mapema na atarudi kwenye magongo. Mdogo wetu amekataa katakata. Nilikusudia kukuomba umbembeleze, maana wewe anakusikiliza.

Ila jana nilipomsihi, aliweka mkasi chini. "Dada, faili nililibeba mimi. Nimeiona karatasi ya kukubali nikatwe mguu chuma kikishindikana. Ina sahihi yako na jina la kaka. Mimi mliniambia nitaamka na mguu."

Tulidhani tunampunguzia hofu. Sasa anasema hatalala tena kwenye meza ya upasuaji asijue ataamka na nini.

Basi usimbembeleze. Mwombe radhi kwanza. Mimi nimekwisha kumwomba; aliuokota mkasi, akaendelea kukata.

Shangazi anakusalimu, na babu muuza vitambaa pia. Wabusu watoto. Mungu akufunike huko uliko.

Wako akupendaye,
Dada yako