Bawaba za Mlango wa Zamani

Kaka yangu,

Huku hatujambo, ila kuku wa jirani wanatutia wazimu. Asante kwa nyumba uliyotuchorea. Uliposema tusiutupe mlango wa nyumba ya zamani, fundi augeuze kuwa dirisha linalojifungua lenyewe chumba kikipata joto, nilicheka: “Msomi wetu kachanganyikiwa!” Leo feni tumeisahau, wageni wanakuja kushangaa, nami natembea kifua mbele kama mimi ndiye niliyeichora.

Mama anakula vizuri. Mimi hanitambui tena. Nikimlisha, ananiuliza kwetu ni wapi. Lakini jua likipanda dirisha linajifungua, bawaba zile zile zinalia kama zilivyolia ulipokuwa ukirudi kutoka shule, naye anajiinua kitandani: “Umerudi, mwanangu? Karibu, chakula kipo.” Uso wake unang’aa, na mimi nashukuru hata kwa hilo.

Juzi fundi alileta mafuta apake bawaba zisipige kelele. Nilimtimua, akakimbia na kiatu kimoja.

Asante sana, kaka. Ila Mama akishakaribisha, husubiri jibu, na dirisha halijui kuitikia.

Njoo.

Ni mimi, dada yako