Kamera Inarudi

Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mgongo umetulia na wifi amekusamehe kwa kugeuza sebule yake kuwa chumba cha kukaushia picha. Watoto hawajambo? Na goti la Mama? Mimi ni mzima. Kikohozi nilichokuja nacho kimekwisha, na nimenenepa kidogo, jambo ambalo Mama atalifurahia ingawa sketi zangu zinalalamika.

Kamera ni nzima. Nalisema mapema kwa sababu nakujua, ungeziruka salamu zote ukilitafuta hilo. Najua studio haina nyingine. Najua shule zinakaribia kufunguliwa, na foleni ya picha za vitambulisho itafika hadi kwa muuza mkaa. Na sijasahau ulichoniambia siku ya kuondoka, huku ukinifunga mkanda wake kama unayemfunga mtoto mgongoni: "Kamera irudi, hata kama wewe hutarudi." Mama alikukaripia. Mimi nilicheka, ila nilipokaa kwenye ndege kicheko kiliisha.

Basi masharti yako nimeyashika. Mkanda naupitisha kifuani, siuning'inizi bega moja. Nembo nimeifunika kwa utepe mweusi hadi kamera inaonekana kama kitu cha kuokota. Naibeba kwenye ule mfuko wa vitunguu alioushona wifi, na ukimwacha mmoja nitakayekusimulia, sijaona mtu wa mji huu mwenye shida na vitunguu. Sisimami katikati ya njia kutazama nilichopiga. Natafuta ukuta kwanza, mgongo uegemee. Kadi iliyojaa haikai ndani ya kamera, inakaa kwenye soksi, na wewe unazijua soksi zangu. Mwalimu wetu wa mafunzo ya picha, mama mmoja mrefu asiyecheka, aliniuliza mambo haya nimeyasomea chuo gani. Nikamwambia ni chuo chenye mwanafunzi mmoja, na mkuu wake anakoroma.

Ila kuna siku sharti lako moja liliniponza na jingine likaniokoa, ndani ya chumba kimoja.

Ulinisisitizia kwamba mtu aombwe ruhusa kwanza, kamera ikiwa bado imefichwa. Karibu na ninapolala kuna kinyozi mzee. Asubuhi mwanga wa dirisha unaangukia kiti chake vizuri mno, hata ndevu za mlevi zinaonekana za heshima. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha kungojea, nikauzungusha mkanda wa mfuko kwenye mguu wa kiti kama ulivyonifundisha. Kisha nikatoa kamusi yangu ndogo nikaunga sentensi, neno kwa neno.

Kaka, sisi tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hata soga, na hakuna anayeumia. Kumbe lugha ya watu hawa ikipiga, imepiga. Na neno "picha" sikulitia, maana pale studio hatulisemi; mteja akikaa tunamwambia tulia nikupige, naye anatulia. Basi nikamsogelea yule mzee, kwa adabu zote ulizonilea nazo, nikamwambia naomba nimpige, mara moja tu, pale dirishani, haitauma, na watoto wake watafurahi.

Alikuwa ameshika wembe.

Mteja mwenye povu nusu ya uso akasimama. Mke wa kinyozi akatokea nyuma na ufagio, akauliza, kama nilivyokuja kutafsiriwa baadaye, ni nani huyo anayetaka kumpiga mume wake, kwa kuwa kazi hiyo ina mwenyewe. Watu wakamiminika kutoka barabarani kutazama, na mmoja wao hakuja kutazama. Alinyakua mfuko wa vitunguu akatimua mbio. Kiti kikamfuata. Kikakwama mlangoni, mkanda ukamvuta, akaanguka kifudifudi, akainuka na kutokomea akiwa na kiatu kimoja. Cha pili tumemwekea, ikiwa atakihitaji.

Nilipoitoa kamera kuangalia kama imepona, chumba kizima kikaelewa nilichokuwa naomba. Mke wa kinyozi alicheka hadi akaukalia ufagio.

Nikampiga mzee siku hiyohiyo, na tangu hapo nimekuwa mtu wa pale. Wananipa kiti kilekile, na hawaruhusu mtu mwingine aufunge mkanda wangu.

Sasa, Kaka, kaa chini. Picha za kinyozi Mwalimu alizitazama moja baada ya nyingine, kisha akaniambia nibaki mwaka mzima, nijifunze na niwasaidie wanaoanza. Wanaobaki huazimwa kamera za hapa. Nimekubali. Sikukuuliza kwanza kwa sababu najua ambavyo ungejibu. Ungesema nibaki na yako pia, isije ya watu ikaniharibikia, halafu wewe ukae na studio tupu ukiwadanganya wateja kwamba umeme umekatika. Ulishafanya hivyo mara moja kwa ajili yangu, ulipoiacha mikononi mwangu nijifunze, na mkate wa nyumba ukitegemea kidole changu. Inatosha. Anayekuletea barua hii ni mwenzangu wa mafunzo, na amekuja na kamera yako kifuani. Mkanda nimemfunga mwenyewe.

Asante, Kaka. Kila ninapoegemea ukuta nakukumbuka, na mji huu una kuta nyingi.

Sharti moja nimelivunja, lile la kutompa mgeni kamera anipige. Nilipoipeleka kamera kwa kinyozi ikaage, mzee alinyoosha mikono yote miwili, akaniambia kwa Kiswahili, maneno pekee niliyoweza kumfundisha: "Sasa tulia nikupige."

Nikatulia. Picha hiyo ni ya mwisho kwenye kadi. Imeniacha na nusu ya kichwa, lakini mashavu yapo yote. Isafishe kubwa umpe Mama, akiwa ameshakula na goti halimsumbui, ndipo umweleze habari za mwaka mzima. Akilia, mwonyeshe mashavu.

Wifi mpe shukrani za mfuko, watoto wabusu, muuza mkaa mwambie foleni inakuja.

Na kabla hujasema lolote: kile kidole kikubwa kilichoziba pembeni mwa picha, kama nilivyoziba picha ya harusi yako nikapata jina, safari hii si changu.

Mdogo wako akupendaye,
Kidole