Swali la Kumi na Saba

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo wametuletea swali. Kana kwamba yale kumi na sita ya fomu hayakutosha! Kijana kutoka Nairobi, viatu vyeupe — viatu vyeupe Isiolo, na hili vumbi — ametufunza saa mbili nzima. Kuanzia kesho kila anayekuja kutafuta kitambulisho, kipya ama cha kupotea, aulizwe kama akifa anakubali viungo vyake wapewe wagonjwa. Figo, ini, macho. Ndiyo ama Hapana. Ati tulisome swali polepole, kwa upole, tukimtazama mtu usoni.

Mimi nimekaa dirisha namba tatu miaka kumi na tisa. Foleni inafika getini. Nimtazame nani usoni?

Bwana Umuro, bosi wetu, amepiga makofi peke yake. Huyo angepigia makofi hata barua ya kumfuta kazi.

Jumatano, 3 Septemba

Wacha tu. Mfugaji mmoja wa Garbatulla ameniuliza kama anaweza kuandikisha kwamba figo yake isipewe Mmeru. Mimi Mmeru, nimekaa mbele yake! Nikamwambia fomu haina nafasi ya hayo. Akafikiria sana. Akasema basi Hapana.

Halafu mwalimu mstaafu, anataka kujua kama ini la mtu anayetafuna miraa tangu Form Two bado linachukuliwa. Halafu shosho mmoja, bibi kizee, akaanza kulia, amesikia neno kufa akadhani kompyuta imeona ana ugonjwa. Ilibidi askari wa geti amletee maji.

Mpaka saa sita nimemaliza watu kumi na wanne. Siku ya kawaida huwa arobaini. Fardosa wa dirisha la pili ndiye ananikera zaidi. Anamuuliza kila mtu kama vile anamposa. Ati kwanza alienda kumuuliza sheikh wake, akaambiwa kuokoa mtu si dhambi, sasa anawaeleza Waislamu wote wa foleni mmoja mmoja. Foleni yake haisongi na yeye anatabasamu. Sijui analipwa na nani kwa hilo tabasamu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimegundua kitu. Ukibonyeza Ndiyo, ukurasa mwingine unafunguka: kiungo gani, shahidi ni nani, simu ya shahidi, alama ya kidole cha mwenyewe tena. Ukibonyeza Hapana, unaenda moja kwa moja mwisho. Kompyuta yenyewe imeniambia la kufanya!

Leo sikuuliza mtu. Hapana, hapana, hapana. Watu hamsini na wawili kabla ya saa tisa. Na nani amejua? Mtu amepanda lori la mbuzi kutoka Merti usiku kucha, anataka karatasi yake arudi kwa mifugo. Hawa hawajui hata chanjo ni ya nini. Wataelewa habari ya ini? Nimewasaidia, kusema kweli.

Bosi amepita akasema, "Kiende, unaona? Kazi inawezekana." Mjinga.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa saba kasoro dakika kumi akaja mzee Mturkana wa Gotu, anaitwa Lokuruka, kitambulisho kimeliwa na mchwa. Hajui Kiswahili cha kutosha. Amekuja na binti yake, Nakuam, ndiye anatafsiri. Nikajaza haraka, nikabonyeza Hapana kama kawaida, nikatuma. Nilikuwa nataka lunch yangu.

Mzee akabaki pale. Akasema kitu. Binti akasema baba anauliza, na ile ya macho utaniuliza saa ngapi?

Kumbe ndiyo ilimleta! Mchwa ni kisingizio tu. Huyu Nakuam alikuwa na jicho limefunga weupe kama maziwa tangu utotoni, mwaka juzi wakamwekea huko Nairobi kioo cha jicho cha mtu aliyekufa. Sasa anaona. Anafanya kazi kwa duka la dawa. Mzee akaniambia, kupitia kwa binti, kwamba kwao ukipewa mnyama na rafiki unajua boma alikotoka, na siku moja unapeleka wako huko. Lakini aliyempa msichana wake jicho, boma lake hawakuambiwa. Kwa hivyo macho yake tuyaweke kwa serikali, atachukua atakayehitaji.

Nikaangalia saa. Kurekebisha ni kufuta yote na kuanza upya. Nikasema, "Nimeandika, mzee."

Akanishika mkono kwa mikono miwili kupitia lile dirisha. Mikono kavu kama gome. Nilienda kunawa kabla ya kula. Aki, macho ya miaka sabini na kitu, nani atayataka? Atafia huko Gotu azikwe jioni hiyo hiyo, na hakuna daktari atajua. Sijamkosea mtu.

Alhamisi, 18 Septemba

Mzee amerudi! Na watu wanane wa kwao. Wamepita dirisha la Fardosa, hakuna hata mtu mmoja kwa foleni yake, wakaja kujipanga kwangu. Fardosa akawaita kwa Kiturkana chake cha sokoni. Wakakataa. Ati wanataka yule mama aliyemwandika Lokuruka. Mzee mwenyewe alikuja tu kunionyesha kwao, na kunisalimia.

Sasa mbele ya macho yote hayo ningefanya nini? Nikawauliza kweli. Nikasoma swali lote. Wanne wakasema Ndiyo, watatu wakasema Hapana, mmoja akasema atauliza mke wake. Mke! Mwanaume wa Kiturkana, na fimbo mkononi! Nilikuwa nimedhani sitasikia jibu lenye akili hata moja, na haya yote yalikuwa na akili. Imenikasirisha, sijui kwa nini.

Na Lokuruka amekaa kwa benchi muda wote huo. Kidole chake kilikuwa pale pale. Dakika sita, namwita, narekebisha, imekwisha. Lakini nimwite nimwambie nini? Mbele ya watu wake, kwamba yule mama wao alimdanganya?

Aliondoka akanipungia fimbo.

Jumanne, 23 Septemba

Nimecheka mpaka nikakohoa. Bwana Umuro ameandikia Nairobi ripoti. Dirisha la tatu: watu mia tano na kumi na tisa, Ndiyo ni nne. Ati sababu ni "mila za jamii za wafugaji na uhaba wa elimu." Kuna mpaka chati ya rangi. Anaomba warsha ya siku tatu, hotelini, Nanyuki. Na Ndiyo sitini na moja za Fardosa? Anasema Fardosa amezitunga, mtu wa Isiolo hawezi kukubali hivyo. Amemwandikia barua ajieleze!

Fardosa alikunja barua akaweka kwa mkoba, akaita mtu anayefuata.

Hiyo ndiyo serikali. Nimepika uongo mimi, umeliwa Nairobi, na mwenye ukweli ndiye anaulizwa. Nilitaka kumwambia Fardosa kitu kwa chai ya saa nne. Nikamwambia tu chai imezidi sukari.

Alhamisi, 2 Oktoba

Saa nne na nusu asubuhi. Naandikia ofisini, nimefunga dirisha langu.

Lokuruka amekufa leo alfajiri. Si Gotu. Hapa mjini, hospitalini, moyo. Binti yake alikuwa naye. Alipokata roho, kitu cha kwanza huyo msichana alifanya ni kuwaambia manesi kuhusu macho. Daktari wa macho ametoka Meru na kisanduku cha barafu, amefika saa tatu. Akafungua rekodi. Hapana.

Na ikiandikwa Hapana hata mtoto wa marehemu hawezi kukubali kwa niaba yake. Ndivyo walivyotufunza siku ile ya viatu vyeupe.

Nakuam akaja hapa mbio. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, "Madam, mimi ndiye nilikutafsiria. Baba alisema macho. Ukasema umeandika."

Nikamwambia labda alirudi akabadilisha. Nimesema hivyo! Mtu amefiwa, hata masaa sita hayajapita.

Akasema, "Alirudi mara moja. Alikuja kukuonyesha kwa watu."

Nikaangalia karatasi zangu. Lile jicho lake halina weupe tena, jeusi safi kama lile lingine, huwezi kujua ni lipi la kupewa.

Bosi akaniita ndani. Akaniuliza nilimuuliza yule mzee ama sikumuuliza. Nikasema nilimuuliza. Akaangalia orodha yangu kwa skrini, akaenda juu, akaenda chini, muda mrefu. Si mjinga kama nilivyofikiri, ama ni mjinga wa aina nyingine. Akafunga mlango. Akasema kuna njia mbili. Moja, naandika ni mtandao uliokosea. Hiyo inaenda Nairobi wachunguze, wiki tatu, na mimi naendelea na kazi yangu. Ya pili, mwenye kuingiza rekodi anaandika kwamba kosa ni lake, hakumuuliza mtu, anatia sahihi, na rekodi inarekebishwa hapa hapa leo. Lakini ya pili watafungua na zile zingine. Zote mia tano.

Halafu akasema, "Kiende, ni mzee mmoja tu wa Gotu. Na ameshakufa."

Nikachukua karatasi tupu, nikaja kujifungia hapa. Mimi mwenyewe niliandika karibu maneno hayo hayo, kurasa chache nyuma. Nimeyasoma sasa hivi. Kwa mwandiko wangu ni mabaya zaidi.

Saa tano na robo. Daktari amepiga simu. Anasema mwisho ni saa saba, baada ya hapo yanakuwa hayafai. Kuna watu wawili kwa listi yake, mmoja wa Merti, fundi wa kushona. Kwa nini ananiambia ni fundi wa kushona? Sikumuuliza.

Karatasi iko hapa. Nimeandika tarehe na jina langu. "Mimi, Kiende" — halafu kalamu ikaja kwa hiki kitabu.

Miaka kumi na tisa. Nimeona mabosi sita wakipita hapa, wote bure kabisa. Ningefutwa na mmoja wao angalau ningekuwa na wa kumlaumu. Fardosa anaweza kuandika barua kama hii kwa dakika mbili na arudi kuhudumia watu. Najua hivyo, na bado namdharau, sijui nimdharau nini.

Saa sita kasoro dakika kumi. Naona kiatu cha Nakuam chini ya mlango. Bado amesimama pale, hajaenda kwa benchi; bosi amemwambia kuna barua naandika.

Amegonga. Ameuliza pole pole kama bado naandika ile barua.

Nimemwambia ndiyo, bado naandika.