Jina la Mama Yangu

Barking, London, Jumanne

Binti yangu anasoma vitabu vya wanawake wa Kimarekani wenye asili ya Asia, na leo vimemfundisha kunishtaki. Kasoma kuhusu msichana wa Kikorea asiyeitwa jina lake na mamake, akafunga kitabu akaniuliza kwa Kiingereza, "Mbona na wewe huniiti Salma? Kila siku 'mama, mama', kama unanikejeli."

Miaka kumi na tisa amelibeba hilo, akangoja mtu baki wa Marekani amfungulie mdomo. Limeniuma.

"Salma ni mama yangu mzazi," nikamwambia. "Nimwite jina kavu?"

Akakiweka kitabu kando. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kujikwaa: "Bibi alikuwa vipi?"

Nikamweleza mpaka chai ikapoa. Hakuniomba nimtafsirie kwa Kiingereza.